Chombo cha vita au pantoni ya kawaida? Namna ya kutambua mabaki ya chuma kwenye ufuko wa Mweru

Chombo chochote cha chuma kilicholala kwenye mchanga wa Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, kilifika hapo kwa nchi kavu, kizima au vipandevipande. Mto Luapula, unaoingia ziwani kutoka kusini, umekatwa na maporomoko ya Mambilima. Luvua, unaotoka ziwani pale Pweto, huteremka juu ya miamba mwendo mrefu kabla ya kutulia karibu na Kiambi, ndani ya Kongo. Meli haiwezi kupanda kutoka baharini. Kwa hiyo mtu wa Nchelenge, Kashikishi au Chiengi anapoonyeshwa gamba la chuma lenye kutu na kuambiwa kuwa lilikuwa la kushushia askari ufukweni wakati wa Vita Kuu ya Pili, aanze na swali hili: lilipandishwaje hadi hapa, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari?

Kuuliza hivyo si kuikana hadithi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya Marekani na Uingereza yalibaki na maelfu ya vyombo vya kushushia askari na magari ambavyo hayakuwa tena na kazi navyo. Viliuzwa kwa bei nafuu kwa wavuvi, kampuni za ujenzi, serikali za makoloni na wenye vivuko, na vingine viliishia kwenye maziwa ya bara, mbali kabisa na bahari. Mwaka 2022 maji ya Ziwa Mead huko Marekani yaliposhuka, kilijitokeza chombo kimoja cha namna hiyo, ambacho baada ya vita kilikuwa kimetumika kupima Mto Colorado. Hapa kwetu Afrika Mashariki nako mabaki ya vita yalipewa kazi mpya: katika mpango wa karanga wa Tanganyika ulioanza 1947, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Kwa hiyo chombo cha vita kuvusha samaki au magari ziwani Mweru ni jambo linalowezekana. Ila linalowezekana bado linahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe umo ndani ya chuma.

Naandika haya kwa kuwa chuma hicho hakidumu. Maji baridi ya ziwa hayali bati haraka kama maji ya chumvi, na funza wa baharini wanaotoboa mbao hawamo humo. Chombo cha miaka 80 kinaweza kubaki na sura yake. Adui wake mkubwa ni mtungi wa gesi ya kukatia na mizani ya chuma chakavu. Kikishakatwa na kupakiwa kwenye lori, hakuna mtaalamu wa nchi yoyote atakayeweza kusema kilikuwa nini.

Mlango wa mbele peke yake hautoshi

Kosa linalowapata wengi ni kuona mlango mpana wa kuteremsha kwenye omo, yaani mbele ya chombo, na papo hapo kukata shauri kuwa ni chombo cha vita. Mlango wa namna hiyo ni wa kawaida kwa vivuko vya raia. Pantoni za mito yetu zinao, na vivuko vya magari vinavyotengenezwa Mwanza kwa ajili ya Ziwa Victoria vinao. Hata leo meli za mizigo zenye mlango wa mbele zinaendelea kuundwa, na mabaharia wa Dar es Salaam na Zanzibar huziita LCT, herufi zilizotoka kwenye jeshi la majini la Uingereza. Zimerithi jina na umbo bila kuona vita.

Kinachotenganisha kimoja na kingine ni vipimo. Vyombo vya vita viliundwa kwa wingi, kwa michoro ileile, na vipimo vyake vinajulikana hadi sentimita. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kazi hii ni futikamba ndefu. Pima urefu kutoka ncha ya omo hadi mwisho wa tezi, yaani nyuma, kisha upana mahali chombo kilipo kipana zaidi, kisha upana wa uwazi wa mlango, kisha kimo cha ubavu kutoka chini hadi juu. Kama sehemu imezama mchangani, andika kuwa imezama, usikisie. Pima mara mbili na uandike namba zote mbili.

Linganisha na hivi. Chombo kidogo cha Wamarekani kilichobuniwa na Andrew Higgins wa New Orleans, ambacho nyaraka hukiita LCVP, kina urefu wa mita 11 na upana wa mita 3.3. Kiliundwa kwa plaiwudi, mlango wake ukiwa wa chuma. Zaidi ya 23,000 viliundwa. Mwenzake wa Kiingereza, LCA, ana mita 12.6 kwa mita 3 na kidogo. Naye ni wa mbao, lakini amefunikwa kwa mabati ya kuzuia risasi, mlango wake ni mwembamba, na nyuma ya mlango kuna milango mingine miwili ya chuma. Ukikuta gamba zima la chuma, vyote viwili viondoe kwenye orodha.

Gamba zima la chuma lenye ukubwa wa lori na tela lake huenda likawa la jamii ya LCM, iliyobeba kifaru kimoja. LCM ya 3 ina urefu wa mita 15.2 na upana wa mita 4.3. LCM ya 6 ni hiyohiyo iliyoongezwa kipande katikati, ikafika mita 17.1, bila upana kubadilika. Ndiyo maana urefu na upana lazima viende pamoja: chombo cha mita 17 chenye upana wa mita 5 hakimo kwenye jamii hii. Ukipata mita 22.5 kwa mita 6.4, umekutana na LCM ya 8, ambayo ni ya jeshi kweli, lakini ilianza kuundwa miaka ya 1950. Itakuwa imeingia ziwani kwa sababu nyingine na katika zama nyingine.

LCT za kweli za wakati wa vita ni kubwa zaidi. Ya 5, ya Marekani, ina takriban mita 36 kwa 10. Ya 4, ya Uingereza, ina mita 57 kwa karibu 12. Ile ya 5 ina jambo la kuvutia: ilisafirishwa juu ya sitaha za meli ikiwa vipande vitatu, kisha vipande vikaunganishwa kwa bolti vikiwa majini. Chombo kilichobuniwa kufungwa na kufunguliwa ndicho ambacho mtu wa bara angekifikiria kwanza, kwa hiyo ukiona safu ya bolti nene zikipita ukingo hadi ukingo mahali pawili, iandike kwa makini sana. Lakini usiishie hapo, maana matishari mengi ya mito ya Kongo nayo yaliletwa kwa vipande na kufungwa kwa bolti.

Soma safari yake kwenye chuma

Hapa ndipo Mweru inapotofautiana na fukwe za Normandy au Madagaska, ambako vyombo vya namna hii vilifika kwa bahari, na ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi.

Chukua LCM ya 3, yenye upana wa mita 4.3. Reli zetu za kusini, zenye upana wa mita 1.067 kati ya chuma na chuma, haziwezi kupitisha mzigo mpana hivyo kwenye madaraja na stesheni zake kwa kawaida. Reli yenyewe ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na haikufika ziwani. Kutoka hapo mizigo ilikwenda kwa barabara hadi Kasenga, bandari ya Luapula chini ya maporomoko, ambako wafanyabiashara wa Kigiriki walinunua samaki wa kulisha miji ya migodi. Upande wa Zambia, njia ya Pedicle kutoka Copperbelt, inayokatiza ncha ya ardhi ya Kongo, ilivuka Luapula kwa pantoni pale Chembe mpaka Daraja la Levy Mwanawasa lilipofunguliwa mwaka 2008. Chombo kipana kilichopita njia hizo huenda kilikatwa kwanza.

Chuma kilichokatwa na kuunganishwa tena kina kovu. Tafuta mstari wa kuchomelea unaopita urefu wote wa chombo, kutoka omo hadi tezi, katikati ya sakafu. Kiwandani si kawaida kuweka mstari kama huo mahali hapo. Tazama kama mataruma, ile mifupa ya ndani inayoshika mabati, yamekatwa kwenye mstari huohuo na kuongezewa vipande vya kiraka. Angalia kama kazi ya mkono wa fundi imebadilika: kiwandani mshono huwa sawa na mwembamba, ila ule wa karakana ya ufukweni hunenepa na kupinda. Chombo kilichokatwa vipande viwili kwa urefu na kurudishwa kinakueleza kuwa kiliundwa kwingine, kikamilifu, kabla ya kuletwa.

Kinyume chake, mabati madogo yaliyofungwa kwa ribiti, safu kwa safu, yanaelekea kukuambia habari nyingine. Vyombo vingi vya LCM vilichomelewa kwa sababu vilihitajika upesi. Ribiti zinaelekeza kwenye tishari au stima ya kikoloni, labda ya kabla ya vita, iliyoundwa Ulaya na kuletwa kwa vipande. Tafuta kibao cha kiwanda: Cockerill ya Ubelgiji iliunda vyombo vya Kongo, na Chanic ya Léopoldville iliunda matishari. Maandishi ya Kifaransa kwenye vali, vipimo vya mafuta au milango ya tangi ni ushahidi mzito kuwa asili yake ni upande wa pili wa ziwa.

Chombo cha namna hiyo si cha kudharauliwa. Meli maarufu kuliko zote katika maziwa yetu, MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyotia nanga hata Mpulungu upande wa Zambia, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa masanduku 5,000 na kuungwa tena Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Boti mbili za Waingereza zilizopigana ziwani humo, Mimi na Toutou, zilivutwa mwaka 1915 kutoka Fungurume katika Katanga, kuvuka milima ya Mitumba, nyuma ya matrekta ya mvuke. Historia ya vyombo vya bara ni historia ya mabega na magurudumu, na yenye thamani si ile ya vita peke yake.

Omo, tezi na injini

Baada ya vipimo na mishono, zunguka. Mlango wa LCM ya 3 si bati tupu: nusu yake ya juu ina nafasi kama kimia, ili nahodha aliyesimama nyuma aone mbele. Tafuta pia puli za kamba ya chuma ya kuinulia mlango, na vitundu vilivyobaki kama puli zimeng'olewa. Sakafu ya sehemu ya mzigo iko juu kuliko chini ya chombo, na kati yake kuna vyumba vya hewa vya kukiweka kikielea hata bati likitoboka. Upande wa tezi utakuta sehemu ya injini mbili na matundu mawili ya mihimili ya rafadha. Chombo chenye tundu moja tu si LCM ya 3.

Injini za LCM ya 3 na ya 6 zilikuwa dizeli mbili za Gray Marine, kila moja ya nguvu za farasi 225. Kiini chake ni ile Detroit Diesel ya silinda sita ambayo mafundi wengi wa malori, mabasi na jenereta wanaifahamu kwa namba 6-71. Kuwa makini hapa. Injini hiyo ilienea duniani kote baada ya vita, kwa hiyo kuikuta ndani ya chombo si uthibitisho, na kuikosa si kanusho, kwani injini ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa au kuuzwa. Nakili namba zote za kibao chake hata hivyo.

Namba ndizo zinazofunga mjadala. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Shasta, California, yaliposhuka, kilitokea chombo cha Higgins chenye namba 31-17 kwenye mlango. Kwa namba hiyo ilijulikana kuwa kilikuwa boti ya 17 ya meli USS Monrovia, yenye namba 31 katika kundi lake, ambayo Jenerali Patton aliitumia kama makao yake wakati wa uvamizi wa Sisilia mwaka 1943. Tarakimu nne ziliunganisha ziwa la milimani na vita vya Bahari ya Kati. Kwa hiyo usipige kutu kwa nyundo wala msasa. Mwaga maji kidogo juu ya bati, subiri jua la asubuhi au la jioni linapolala, kisha piga picha kwa pembe: rangi ya zamani na namba zilizochorwa kwa kuchomelea huonekana kwa kivuli chake.

Picha za simu zinatosha. Weka rula au fimbo yenye alama za sentimita ndani ya kila picha, zunguka chombo ukipiga picha zinazopandana, kisha washa GPS na uandike mahali. Majira yana maana: maji ya Mweru hufika juu karibu na Mei na huwa chini mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka mpya. Kipindi hicho huangukia marufuku ya uvuvi, Desemba hadi mwisho wa Februari, ambapo wavuvi wana nafasi ya kukaa na kuzungumza.

Wazee waulizwe vizuri

Usimwulize mzee, "Je, hii ni meli ya vita?" Atakujibu kwa adabu kile anachoona unataka kusikia. Mwulize kilibeba nini, kilitia nanga wapi, nani alikuwa nahodha, kilisimama lini kufanya kazi na kwa nini. Kwa miaka, tumia matukio anayoyakumbuka mwenyewe: kabla au baada ya uhuru wa Oktoba 1964, wakati wa Katanga ya Tshombe kati ya 1960 na 1963, wakati nchi ya ng'ambo iliitwa Zaire. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yakipingana na ya mwenzake.

Na usiwaulize watu wa Zambia peke yao. Katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, wamo Wakongo waliokimbia vita, na wachuuzi wa samaki wanaovuka ziwa wanajua bandari za Kilwa na Pweto upande wa Kongo. Mara nyingi chombo kilichofia ufuko mmoja kilifanyia kazi ufuko wa pili, na Kiswahili ndicho kitakachowafungua midomo wenye habari hizo.

Usalama kabla ya udadisi

Vita vilivyo karibu zaidi na ziwa hili si vya Hitler. Desemba 2000 mji wa Pweto ulianguka mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda, na maelfu ya wanajeshi na raia walivuka kuingia Zambia. Kwa hiyo kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa, chupa yenye mapezi au sahani nzito, kikiwa ndani ya chombo au karibu nacho, kisiguswe kabisa. Weka alama mbali nacho, waondoe watoto, waite polisi.

Mamba na kiboko wamo ziwani, kichocho kimo kwenye maji ya ukingoni, na upepo wa kiangazi huinua mawimbi kwa ghafla. Bati lililooza hupasuka chini ya mguu, na vyumba vilivyofungwa miaka mingi vina hewa isiyofaa kuvuta, usiingie. Tangi lililowahi kuwa na mafuta linaweza kulipuka likiguswa na moto wa kukatia, hata kama limekauka miaka 40. Kwa kuwa hapa ni mpakani, mweleze mwenye kijiji na polisi unachofanya kabla ya kutoa kamera.

Ukishakuwa na vipimo, picha na maneno ya wazee, tengeneza nakala tatu. Moja ibaki kwa chifu wa eneo. Ya pili ipelekwe kwenye Tume ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi ya Zambia, iliyoundwa kwa sheria ya 1989. Ya tatu ipelekwe Makumbusho ya Moto Moto, Mbala, katika mji ambao vikosi vya Lettow-Vorbeck vilisalimisha silaha Novemba 1918. Idara ya usafiri wa majini nayo ina kumbukumbu za vyombo vilivyosajiliwa, na jina la mwenye chombo kwenye daftari moja laweza kukuokolea safari nyingi.

Kwa mnunuzi wa chuma chakavu nina ombi moja. Ukiletewa chombo chenye mlango wa mbele, kovu la kuchomelea katikati au namba zisizoeleweka, subiri wiki moja kabla ya kuwasha gesi, na uite mwalimu wa shule iliyo karibu aje na futikamba na simu. Hutapungukiwa kilo hata moja.